Wodi Iliyozaa Seneta

Marekani haijawahi kuona taabu kumchagua jenerali. George Washington alitoka kwenye uongozi wa jeshi akawa rais wa kwanza. Ulysses Grant alibebwa na ushindi wake katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Dwight Eisenhower, aliyeongoza majeshi ya washirika barani Ulaya, aliingia Ikulu Januari 1953 bila kuwahi kushika wadhifa wowote wa kupigiwa kura. Kwa mwanamume, njia ya kutoka kambini hadi jukwaani ilikuwa imefyekwa tangu taifa lenyewe linazaliwa.

Kwa mwanamke njia hiyo haikuwepo, na haikukosekana kwa bahati mbaya. Ilizibwa kwa sheria. Mwaka 1948 Bunge la Marekani liliwakubali wanawake kuwa askari wa kudumu, na papo hapo likawawekea kikomo: wasizidi asilimia 2 ya jeshi, na kwa kawaida wasipande kupita cheo cha luteni kanali. Vikwazo hivyo vilidumu hadi 1967. Majenerali wa kwanza wanawake walivishwa nyota Juni 1970. Marubani wa kike waliruhusiwa kurusha ndege za kivita Aprili 1993, na kazi zilizobaki, za askari wa miguu, vifaru na makomando, zilifunguliwa kwa uamuzi wa Desemba 2015. Mwanamke aliyetaka kuwaambia wapiga kura kwamba aliongoza watu vitani alidaiwa sifa ambayo serikali yenyewe ilimkataza kuipata.

Afrika Mashariki inaijua hali hii. Kenya iliwaweka wanajeshi wake wa kike katika kikosi chao peke yao hadi 1999, kikosi hicho kilipovunjwa wakachanganywa na wenzao. Fatuma Gaiti Ahmed, aliyejiunga na jeshi mwaka 1983, alifikia ubrigedia 2015, umeja jenerali 2018, na Mei 2024 akakabidhiwa uongozi wa Jeshi la Anga. Ni miaka arobaini na zaidi kutoka ukuruta hadi kuongoza jeshi zima la anga.

Mada ya mhadhara huu ni ofisa aliyepita kwenye milango hiyo ikiwa nusu wazi: Ladda Tammy Duckworth, rubani wa helikopta wa Jeshi la Marekani, leo seneta wa jimbo la Illinois. Magazeti humweleza kwanza kwa miguu aliyoipoteza Iraq, na picha zake nyingi zinamwonyesha kwenye kiti cha magurudumu au amesimama juu ya miguu ya bandia. Hoja ya hapa inakwenda mbele ya picha hizo. Cheo kilimpatia Duckworth watu wa kumsikiliza. Siasa yenyewe alijifunza akiwa mgonjwa, kitandani, katikati ya majeruhi wenzake, na karibu kila jambo la maana alilolifanya tangu hapo lina mzizi wake kwenye wodi ile.

Alizaliwa Bangkok tarehe 12 Machi 1968. Baba yake, Franklin, alikuwa Mmarekani aliyewahi kuwa askari. Mama yake, Lamai, ni Mthai mwenye asili ya Kichina. Kazi za baba katika miradi ya misaada na makampuni ya kigeni ziliihamisha familia kutoka nchi hadi nchi: Thailand, Indonesia, Singapore, Kambodia. Huko Phnom Penh mtoto huyo alitazama milipuko ya vita kutoka juu ya paa la nyumba, na familia ikaondoka muda mfupi kabla mji haujaanguka mikononi mwa Khmer Rouge Aprili 1975. Alikua akizungumza Kithai na Kiindonesia pamoja na Kiingereza.

Kisha baba akapoteza kazi. Duckworth alikuwa na miaka 16 familia ilipohamia Honolulu, Hawaii, ikiwa haina kitu. Walikula kwa vocha za chakula za serikali. Shuleni alikula chakula kilicholipiwa ruzuku, na baada ya masomo akasimama kando ya barabara na ndoo ya maua, akiwauzia wapita njia. Hayo hakuyaficha alipokuwa mwanasiasa. Kila mjadala wa kupunguza vocha za chakula unapofika bungeni, yeye husema wazi kwamba bila vocha hizo asingemaliza Shule ya Sekondari ya McKinley, alikohitimu mwaka 1985, wala asingefika Chuo Kikuu cha Hawaii.

Jeshi halikuwa ndoto yake. Alitaka ubalozi. Mwaka 1990, akisoma shahada ya pili ya uhusiano wa kimataifa katika Chuo Kikuu cha George Washington jijini Washington, alijiunga na mafunzo ya uofisa yanayotolewa kwa wanafunzi wa vyuo, na mwaka 1992 akavishwa cheo cha luteni usu. Huko huko alikutana na Bryan Bowlsbey, ofisa mwenzake ambaye baadaye alimuoa. Ulipofika wakati wa kuchagua fani, Duckworth alichagua helikopta kwa sababu aliyoieleza bila kuzungusha: urubani ulikuwa miongoni mwa kazi chache za mapambano ambazo mwanamke angeweza kuzipata, na yeye hakutaka kukaa ofisini huku wanaume wa rika lake wakitumwa kwenye hatari. Alikwenda kujifunza urubani Fort Rucker, Alabama, akiwa mwanamke pekee darasani kwake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya maisha mawili. Katikati ya wiki alikuwa raia: mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northern Illinois, kisha mfanyakazi katika makao makuu ya Rotary International huko Evanston, akishughulikia vilabu vya Asia na Pasifiki. Mwishoni mwa wiki alikuwa rubani wa Black Hawk katika Kikosi cha Walinzi wa Taifa cha Illinois, na akapewa kuongoza kombania. Ni vizuri kulikumbuka hili, maana wanajeshi wa akiba wa Marekani si watu wa kambini muda wote. Ni walimu, mafundi, makarani na polisi wanaoitwa taifa linapowahitaji, na vita vya Iraq viliwaita kwa maelfu. Duckworth mwenyewe aliona uamuzi wa kuivamia Iraq ni kosa. Kikosi chake kilipoitwa mwaka 2004, aliomba kwenda nacho.

Tarehe 12 Novemba 2004, siku kumi tu baada ya wananchi wa Illinois kumchagua Barack Obama, mtoto wa baba Mkenya, kuwa seneta wao, Kapteni Duckworth alikuwa angani kaskazini mwa Baghdad. Kazi ya siku ilikuwa ya kawaida, kubeba watu na mizigo kutoka kituo hadi kituo, na walikuwa wakirudi. Kombora la RPG lilipenya kioo cha chini, mbele ya miguu yake, likalipuka ndani ya chumba cha marubani. Alifanya kile alichofundishwa: akakanyaga pedali ili aishushe helikopta. Pedali hazikuitika. Alidhani chombo kimeharibika. Hakujua kwamba hana tena miguu ya kukanyagia. Rubani mwenzake ndiye aliyekitua chombo kwenye uwanda wa majani. Wenzake waliamini amekwisha kufa, na hata hivyo walimbeba hadi kwenye helikopta ya pili, kwa kuwa hawakukubali kuuacha mwili wake pale.

Mguu wa kulia uliondoka karibu na nyonga, wa kushoto chini ya goti. Mkono wa kulia ulivunjika sehemu tatu na nusura ukatwe. Alipozinduka alikuwa Walter Reed, hospitali ya jeshi jijini Washington. Amesimulia kwamba katika siku ambazo dawa hazikuyatuliza maumivu, alijikokota kwa kuhesabu: moja hadi sitini, dakika imepita, moja hadi sitini, nyingine imepita. Desemba hiyo walimletea pale pale nishani ya majeruhi wa vita na cheo kipya cha meja. Mapema mwaka 2005 baba yake alifariki dunia, binti akiwa bado ni mgonjwa.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana hapa ndipo alipozaliwa mwanasiasa.

Wodi za Walter Reed wakati ule zilijaa vijana wa miaka 19 na 20, wengi wao wakiwa askari wa vyeo vya chini. Koplo aliyekatwa mguu hana wa kumpigia simu. Mshahara wake unachelewa kwa sababu jina lake limetoka kwenye orodha ya kikosi kilichoko vitani na halijaingia kwenye orodha ya hospitali. Mke wake amesafiri kutoka jimbo la mbali na hana pa kulala. Fomu yake ya ulemavu imepotea kati ya meza mbili. Duckworth alikuwa meja, mwanamke mwenye umri wa miaka 36, na karibu kila siku walikuja wageni wakubwa kupiga picha na majeruhi. Seneta Dick Durbin wa Illinois alimwalika yeye na wenzake kuhudhuria hotuba ya rais bungeni mwanzoni mwa 2005, akampa namba yake ya simu, akamwambia apige akihitaji chochote.

Alipiga. Hakupiga kwa ajili yake. Alipiga kwa ajili ya mshahara wa huyu, matibabu ya yule, familia ya mwingine, akapiga tena na tena mpaka Durbin akaona kwamba mgonjwa huyu tayari anafanya kazi ya mbunge, ila hana kiti. Mwaka huo huo Duckworth alitoa ushahidi mbele ya kamati za Bunge kuhusu matibabu ya majeruhi. Miaka miwili baadaye, Februari 2007, gazeti la Washington Post lilifichua kwamba askari waliokuwa wakisubiri kupona waliwekwa katika jengo la Walter Reed lenye ukungu ukutani na panya sakafuni, na nchi nzima ikashtuka. Majeruhi walikuwa wameyajua hayo kitambo. Jeshi linajua sana kumtoa askari vitani akiwa hai. Kumrudisha kwenye maisha ni kazi nyingine, na kazi hiyo ilikuwa haina mwenyewe.

Durbin ndiye aliyemshawishi agombee. Baada ya zaidi ya mwaka hospitalini, alitangaza kuwania kiti cha wilaya ya 6 ya uchaguzi, vitongoji vya magharibi mwa Chicago, ambavyo mwakilishi wake wa chama cha Republican alikuwa anastaafu baada ya zaidi ya miaka thelathini. Mwanzo haukuwa mzuri. Wanachama wengi wa Democratic wa eneo hilo walikuwa na mgombea wao aliyejitolea tangu uchaguzi uliotangulia, na waliona kwamba viongozi wa Washington wanawaletea mtu anayeishi nje kidogo ya mpaka wa wilaya. Malalamiko yao yalikuwa na haki. Duckworth alishinda mchujo kwa tofauti ndogo, na Novemba 2006 akashindwa na Peter Roskam kwa kura chini ya elfu tano.

Kushindwa huko kulimfaa kuliko ambavyo ushindi ungemfaa. Angeingia Bunge akiwa shujaa mwenye hadithi moja. Badala yake alipewa kuongoza idara ya maveterani ya jimbo la Illinois, na huko akakutana na kazi isiyo na makofi: bajeti, nyumba za wazee, watumishi, fomu. Chini yake jimbo lilianza kuwapunguzia kodi waajiri waliowaajiri askari waliorudi kutoka Iraq na Afghanistan, likaanzisha upimaji wa majeraha ya ubongo, na likafungua namba ya simu ya saa 24 kwa wenye msongo wa vita. Kuna lawama pia. Wafanyakazi wawili wa nyumba moja ya maveterani walimshtaki kwa madai ya kuwalipizia kisasi, na kesi hiyo ilimfuata hadi kampeni ya 2016, ilipomalizwa kwa makubaliano bila yeye kukiri kosa. Mwaka 2009 Obama, sasa akiwa rais, alimteua kuwa waziri msaidizi katika wizara ya maveterani, ambako suala la maveterani wasio na makazi lilikuwa miongoni mwa shughuli zake kuu.

Mwaka 2012 aligombea tena, safari hii wilaya ya 8, dhidi ya Joe Walsh. Mpinzani huyo alifanya kosa ambalo wanasiasa wa Illinois bado wanalitaja: alilalamika hadharani kwamba mashujaa wa kweli hawazungumzii utumishi wao, ilhali Duckworth hana jingine la kusema. Wapiga kura walimpa Duckworth takriban asilimia 55. Akawa mwanamke wa kwanza mwenye ulemavu kuchaguliwa katika Baraza la Wawakilishi.

Kama kuna saa moja inayoonyesha kile alichokitoa wodini, ni ya Juni 2013. Kamati ya Baraza ilimhoji mfanyabiashara aliyekuwa akipata zabuni za mamlaka ya kodi kupitia fungu lililotengewa kampuni za askari walioumia kazini. Jeraha lake lilikuwa la kifundo cha mguu, alilolipata mwaka 1984 akiwa katika shule ya maandalizi ya chuo cha jeshi. Baada ya hapo alicheza mpira wa Kimarekani chuoni, na miaka mingi baadaye, alipohitaji hadhi ya biashara hiyo, akaenda kudai ulemavu. Alipewa asilimia 30. Duckworth alimweleza, kwa sauti ya chini na bila kumwondolea macho, kwamba mkono wake wa kulia ulikaribia kung'oka, ulipasuliwa mara zaidi ya kumi na mbili, vidole vitatu havina hisia, na bado upo uwezekano wa kuupoteza. Kisha akamtajia kiwango alichopewa kwa mkono huo: asilimia 20.

Mbunge mwingine yeyote angeweza kukasirika. Ni yeye peke yake aliyeijua mizani ile kwa mwili wake, aliyejua fomu inavyojazwa, daktari anauliza nini, na koplo wa Illinois anasubiri miezi mingapi. Aliendelea kumkumbusha yule mtu kwamba kila asiyestahili anayejipenyeza kwenye foleni ya madai anamrudisha nyuma mwingine anayestahili.

Alistaafu jeshi mwaka 2014 akiwa luteni kanali. Miaka kumi ya mwisho ya utumishi huo aliifanya akiwa hana miguu, maana alipigania kubaki kwenye kikosi, na pia akajifunza upya kurusha ndege. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 46, alikuwa mjamzito. Madaktari walimzuia kusafiri. Aliomba chama chake kimruhusu kupigiwa kura na mwenzake kwa niaba yake katika uchaguzi wa ndani wa viongozi wa wabunge wa Democratic, na chama hicho, kinachojinadi kuwa cha haki za wanawake, kikamkatalia. Binti yake Abigail alizaliwa Novemba hiyo. Ilikuwa aibu kwa chama, na inafaa kuwekwa kwenye kumbukumbu kwa sababu inaonyesha kwamba kanuni zilizomkwamisha hazikuwa za upande mmoja wa siasa.

Uchaguzi wa Seneti wa 2016 ulimkutanisha na Mark Kirk, aliyekuwa anashikilia kiti kilichowahi kuwa cha Obama. Kirk alikuwa ofisa wa akiba wa jeshi la majini, alipata kiharusi mwaka 2012 na akarejea Seneti Januari 2013 akizipanda ngazi 45 za jengo la Bunge kwa fimbo. Naye alitumia kiti cha magurudumu. Walikuwa wagombea wawili wenye ulemavu na wenye historia ya jeshi, na kampeni yao ingeweza kuwa ya heshima. Kwenye mdahalo wa Oktoba, Duckworth aliposema kwamba familia yake imelitumikia taifa kijeshi tangu vita vya mapinduzi, Kirk alijibu kwamba alikuwa amesahau kuwa wazazi wa mpinzani wake walitoka Thailand kuja kumtumikia George Washington. Aliomba radhi kesho yake. Duckworth alishinda kwa takriban asilimia 55 dhidi ya 40.

Obama na Duckworth wote wawili waliishi utotoni Indonesia na kusomea Honolulu kabla ya kuipata Illinois ukubwani. Jimbo hilo la mahindi na viwanda limempa kiti kile kile mtoto wa Mkenya na kisha mtoto wa Mthai.

Tarehe 9 Aprili 2018, akiwa na miaka 50, Duckworth alijifungua binti wa pili, Maile. Wanawake wa Baraza la Wawakilishi walikuwa wameshazaa wakiwa madarakani tangu Yvonne Brathwaite Burke mwaka 1973, lakini katika Seneti, chombo kilichoanza 1789, yeye alikuwa wa kwanza. Kanuni za Seneti hazikuwa na nafasi kwa jambo hilo. Kura hupigwa kwa kuwepo ukumbini. Hakuna kupigiwa na mwenzako. Walioruhusiwa kuingia ukumbini walikuwa kwenye orodha, na mtoto mchanga hakuwemo. Seneta anayenyonyesha alitakiwa achague kati ya mtoto wake na kura ya wananchi waliomtuma, na Illinois ina watu zaidi ya milioni 12.

Amy Klobuchar wa Minnesota alisaidia kulisukuma jambo hilo katika kamati ya kanuni. Wazee wa Seneti walikuwa na wasiwasi wa aina yake. Je, mtoto atanyonyeshwa mle? Atabadilishwa nepi? Orrin Hatch wa Utah aliuliza itakuwaje wakiwa watoto kumi. Wengine walipendekeza mama apige kura kutoka mlango wa chumba cha makoti kilicho pembeni mwa ukumbi. Chumba hicho kilikuwa hakipitiki kwa kiti cha magurudumu. Pendekezo lililokusudiwa kumsaidia mama lilimsahau mlemavu, na waliolitoa walikuwa wakifanya kazi naye kila wiki.

Tarehe 18 Aprili Seneti ilikubali kwa kauli moja kwamba seneta anaweza kuingia na mtoto wake asiyetimiza mwaka mmoja wakati wa kura. Kesho yake Duckworth aliingia na Maile wa siku kumi. Kanuni za mavazi zinadai koti, na mama alikuwa amehakikisha mtoto amevaa koti. Kura yenyewe ilikuwa ya kumthibitisha mkuu mpya wa NASA, ikapita kwa 50 dhidi ya 49, na yake ilikuwa ya kukataa. Katika kura ya tofauti ya mmoja, swali la nani anaruhusiwa kuingia ukumbini si dogo.

Mwezi Oktoba mwaka huo sheria aliyoianzisha akiwa bado mwakilishi ilipita ndani ya muswada mkubwa wa usafiri wa anga: viwanja vya ndege vikubwa na vya kati nchini Marekani vinatakiwa viwe na chumba safi cha kunyonyeshea, kisicho choo, katika kila jengo la abiria. Alikuwa akisafiri kila wiki kati ya Chicago na Washington, na alikuwa amechoka kuelekezwa chooni akamulie maziwa ya mtoto.

Wasomaji wa Kenya wanajua habari inayofanana na hii kwa karibu. Tarehe 7 Agosti 2019 Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliingia katika Bunge la Taifa jijini Nairobi na mtoto wake wa miezi mitano, baada ya kupata dharura nyumbani. Aliyekuwa kwenye kiti cha spika, Christopher Omulele, alimwamuru atoke, kwa kuwa mtoto ni mgeni asiyeruhusiwa ukumbini. Wabunge kadhaa wanawake walitoka naye. Ilikuwa karibu mwaka mmoja na miezi minne baada ya uamuzi wa Washington, na hoja zilizosikika ni zile zile.

Itakuwa kosa kudhani kwamba Duckworth wa vyumba vya kunyonyeshea ameliacha jeshi nyuma. Julai 2020 alizuia kupandishwa vyeo kwa maofisa 1,123 hadi wizara ya ulinzi imhakikishie kwamba Luteni Kanali Alexander Vindman, aliyetoa ushahidi dhidi ya rais, hataadhibiwa kwa kunyimwa cheo. Vindman aliamua kustaafu, naye Duckworth akaondoa kizuizi. Uamuzi ule unajadilika: maofisa wasio na hatia walicheleweshwa kwa ajili ya mmoja. Hata hivyo, kama ofisa aliyeapa kusema kweli anaadhibiwa kwa kuisema, hakuna cheo kitakachobaki na maana, na Duckworth aliona afadhali lawama. Mwaka 2021 aliandika sheria iliyounda tume huru ya kuchunguza miaka ishirini ya vita vya Afghanistan, kuanzia maamuzi ya marais hadi ya makamanda, chini ya vyama vyote viwili. Iraq alirudi Aprili 2019, akiwa katika ujumbe wa maseneta.

Januari 2025 alikuwa mezani Pete Hegseth alipohojiwa ili awe waziri wa ulinzi. Hegseth alikuwa amesema miezi michache kabla kwamba wanawake wasiwe katika kazi za mapambano. Duckworth hakumuuliza kuhusu wanawake. Alimuuliza ataje nchi moja ya ASEAN, umoja wa mataifa ya Kusini Mashariki mwa Asia, na aina ya makubaliano ambayo Marekani inayo nayo. Akajibiwa Korea Kusini, Japani na Australia. Hakuna hata moja iliyo mwanachama. Wanachama wakati huo walikuwa kumi, na muulizaji aliishi katika nne kati yao kabla hajatimiza miaka 17. Tarehe 24 Januari kura zilifungana 50 kwa 50, na makamu wa rais JD Vance akaipitisha. Duckworth alipiga ya kukataa.

Hakuwa mwanajeshi mwanamke pekee kufika Seneti. Joni Ernst wa Iowa, aliyeongoza kombania ya usafirishaji Kuwait mwaka 2003, alitangulia kuchaguliwa, na Martha McSally wa Arizona, mwanamke wa kwanza wa Marekani kurusha ndege vitani, alikaa humo kwa muda mfupi. Wote wawili ni Republican. Machi 2019 McSally aliieleza kamati ya Seneti kwamba alibakwa na ofisa aliyekuwa juu yake alipokuwa jeshini, na ukumbi ukanyamaza. Wanawake hawa hawakubaliani karibu katika jambo lolote la siasa, lakini kila mmoja aliingia na habari ambayo waliotunga sheria za jeshi hawakuwa nayo.

Hukumu ya mhadhara huu ni kwamba kazi kubwa ya Duckworth haitakuwa hotuba yoyote wala nishani. Itakuwa ukurasa mmoja wa kanuni wa 18 Aprili 2018, vyumba vya kunyonyeshea viwanjani, na madai ya majeruhi yaliyosonga mbele kwa sababu yupo aliyejua foleni ile. Wabunge wa Nairobi, Dodoma, Kampala na kwingineko wanazo kanuni zao za kudumu. Wazichukue, wasome sehemu inayotaja nani anaruhusiwa kuingia ukumbini na kupitia mlango gani, wapime mlango huo kwa kiti cha magurudumu, na waandike marekebisho kabla mama mwingine hajaamriwa atoke.